Shosti, Januari ni mbali

Shosti mambo,

Nimekaa kukuandikia saivi watoto wamelala maana lile la kusema dawa za VVU, hizi ARV, utaanza Januari, harusi ya mdogo wako ikishapita, limenikaa rohoni. Eti uko fiti na CD4 zako, wale askari wa mwili, ziko juu ya 500. Hiyo ya kusubiri zishuke ni habari ya zamani. Mi nilivyopimwa 2013 ndo ilikuwa hivyo, mpaka zifike chini ya 350, kila nikienda kliniki nauliza zimeshuka? yani mtu mzima unaombea hali iwe mbaya ili upewe dawa, we acha tu.

Halafu 2015 yakatoka majibu ya ule utafiti wa START, watu zaidi ya 4,600 nchi 35, Uganda wakiwemo, wote CD4 zao juu ya 500 kama zako. Nusu wakaanza palepale, nusu wakasubiri. Waliougua vibaya au kufa, kwa walioanza 42, kwa waliosubiri 96. Mwaka huohuo WHO wakasema kila mwenye virusi aanze, CD4 zozote, na kwetu Tanzania ikafika 2016. Kwa hiyo yule nesi kutaka uanze siku ileile hakuwa anakukimbiza, ndo utaratibu. Ukitaka siku mbili tatu za kutuliza kichwa sawa, ila sio miezi.

Na mumeo je, si amepima hana? Mpaka Januari unamlaza wapi? Ukimeza vizuri, ile miezi ya kwanza mnatumia kondom, ukija kupima wingi wa virusi wakawa hawaonekani, na wakibaki hivyohivyo, humwambukizi kitandani. Mi hilo peke yake lingenitosha.

Kinachoweza kukuchelewesha kihalali ni kile kikohozi chako. Usikifiche! Wakipima wakakuta TB wanaanza na dawa zake, ARV zinafuata kama ndani ya wiki mbili hivi. Kichwa kikikugonga sana na shingo kukaza sema pia, ikiwa ni homa ya uti wa mgongo hapo ndo wao wenyewe wanachelewesha kukuanzishia ARV.

Dawa yenyewe siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, ya dolutegravir, sio zile zetu za efavirenz nilizokuwa naota nakimbizwa usiku kucha. Ila dawa za kiungulia usizimeze nazo pamoja, muulize nesi uachanishe masaa mangapi. Wengine zinawanenepesha kidogo so fundi aache nafasi kwenye gauni, haha. Kuhusu mama mkwe asijue, kopo la dawa linalia kachakacha ukilibeba, jaza pamba juu, hakuna atakayesikia.

Jumatatu niko ofu, nakupitia na bajaji saa kumi na mbili na nusu tuwahi foleni ya CTC, ile kliniki ya wenye VVU. Kunywa chai kabisa, sio kipimo cha njaa, na kile cheti cha majibu usikisahau.

Wako,
Mama Nasra