Kwa vijana wa patini wa Goma: punguzeni mbio, jifunzeni namba nane

Watoto wangu,

Nawaandikia ninyi mnaovaa patini, viatu vya magurudumu, alfajiri ya Jumapili, kabla lami haijajaa pikipiki na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo. Mambo ya kujishikiza nyuma ya lori likuvute, hayo ni kutafuta kaburi, siyarudii. Ninachowaombea ni duara.

Wachezaji wa patini za barafuni walipimwa miaka mingi kwa kuchora namba nane, polepole, wakirudia mstari uleule. Mashindano ya kimataifa yaliachana na zoezi hilo baada ya 1990, na kwa maoni yangu yalipoteza kitu. Mtu aliyesimama juu ya ukingo mmoja, wa nje au wa ndani, wa mguu mmoja hapati nafasi ya kuwaza kodi ya nyumba. Mawazo yote yanashuka kwenye kifundo cha mguu. Ukikimbia unachoka tu, wasiwasi unakusubiri palepale.

Tafuteni uwanja wa saruji, mfagie kweli. Punje moja ya changarawe ya lava hukwamisha gurudumu ghafla, mtu akaenda kwa uso. Kateni kamba ya kimo chako mara moja na nusu: mwenye mita 1.60 akate mita 2.40. Choreni nayo kwa chaki, ncha moja ikishikwa katikati ya duara, maduara mawili yanayogusana. Anzia yanapogusana, sukuma kwa mguu wa kushoto, zunguka duara la kulia kwa mguu wa kulia ukiegemea ukingo wa nje, rudi katikati, badili mguu na duara.

Linaloharibika kwanza ni mabega. Yakigeuka mapema, duara linajikunja na kuwa yai. Goti likinyooka, unayumba. Macho yakiangalia vidole vya miguu, umeshapotea. Tazama mstari mita mbili mbele.

Patini ikikataa kupinda, usiilaumu miguu. Kila ekseli ina nati inayobana vipande vyake vya mpira. Ilegeze nusu mzunguko, mbele na nyuma sawasawa, ujaribu tena. Vumbi jeusi la hapa likiingia kwenye beringi, gurudumu hukwaruza: zifute, zisuuze kwa mafuta ya taa mbali na moto, zikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yataganda.

Wengi hununua kinga za magoti na kusahau za mikono, wakati mkono ulionyooshwa kuzuia anguko ndio unaovunjika kwa urahisi. Ukihisi unaanguka, kunja magoti, keti kwa upande.

Robo saa ya namba nane inatosha kabla ya michezo yenu mingine. Kila mtu ana mguu mmoja mkaidi. Huo upewe zamu mbili. Patini zikiwa chache, pokezaneni, wasichana wasiachwe mwisho, na kila mmoja aje na soksi zake.

Mzee wenu, Goma