Wafadhili wa sanaa wakumbuke matunzo ya kila siku

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu wafadhili wanaogharamia ukarabati wa sanaa huko Vatican. Nawapongeza kwa dhati, ila fedha zao zinakimbilia mno kazi zenye majina makubwa. Michoro ya Michelangelo katika Kikanisa cha Sistina ilisafishwa kati ya mwaka 1980 na 1994 kwa ufadhili wa kituo cha televisheni cha Nippon cha Japani, ambacho kilipewa haki za picha. Mwaka 2024, Knights of Columbus, chama cha udugu cha wanaume Wakatoliki, waligharamia ukarabati wa paa la shaba la mchongaji Bernini lililo juu ya altare kuu ya Basilika la Mtakatifu Petro. Kazi njema zote mbili. Lakini mavazi ya ibada yaliyofifia na vipande vya sanamu za Kirumi vilivyo ghalani navyo vinaharibika, na hakuna kamera inayovisubiri. Hata kuta zilizokwisha kusafishwa hupokea upya vumbi, joto na unyevu wa pumzi za mamilioni ya wageni kila mwaka.

Napendekeza kila mchango wa kazi mashuhuri utengewe sehemu ya matunzo ya kawaida na mafunzo ya mafundi vijana, kwani ujuzi huu hujifunzwa kwa miaka mingi kando ya fundi mzoefu. Wafadhili nao wadai kumbukumbu za kila hatua zichapishwe. Usafishaji wa Sistina ulizua ubishi mkali miongoni mwa wataalamu, na rangi ikishaondolewa hairudi.

Msomaji wenu