Semina za siku moja haziwasaidii wasanii chipukizi

KWA MHARIRI,

Mafunzo mengi wanayoandaliwa wasanii chipukizi hapa Kisumu, Nakuru na miji jirani huwa ya siku moja. Hukodiwa ukumbi wa hoteli, zikatolewa hotuba mbili tatu, watu wakala chakula cha mchana, wakapigwa picha ya pamoja na kupewa cheti. Kijana anayechora mtaani Nyalenda au anayechonga mawe kule Tabaka hurudi kwao akiwa bado hajui kuipangia kazi yake bei wala kuandika kandarasi. Sisi tunaofundisha sanaa tunaomba mtindo huu ubadilishwe.

Bei ndiyo inayowaumiza wengi. Chukua mchoro wa sentimita 60 kwa 90. Kitambaa, fremu na rangi vimegharimu Sh4,500. Mchoraji amefanya kazi siku tano, na siku yake anaihesabu kwa Sh1,500, yaani Sh7,500. Jumla ni Sh12,000. Duka la sanaa linakata kamisheni ya asilimia 40. Wengi huchukua asilimia 40 ya hiyo Sh12,000, wakaijumlisha, wakaandika bei ya Sh16,800. Mchoro ukinunuliwa, duka hukata asilimia 40 ya bei ya kuuzia, ambayo ni Sh6,720, na mchoraji hupokea Sh10,080. Amepoteza Sh1,920 na bado anashangilia kwamba ameuza! Hesabu sahihi ni kugawa 12,000 kwa 0.6, na bei inakuwa Sh20,000. Bei hiyo hiyo itumike pia mteja anapokuja kununua kwa msanii mwenyewe, kwa sababu duka likijua kwamba anauza nusu bei kwake, halitapokea kazi zake tena.

Kazi inayoachwa dukani iachwe kwa maandishi: orodha ya kazi na bei zake, muda wa kukaa (siku 90 zinatosha), kamisheni, nani atalipa ikiharibika, na pesa zitumwe siku ngapi baada ya mauzo. Nakala moja ibaki kwa msanii.

Halafu kuna michoro ya ukutani, ambayo huwapa vijana wengi malipo yao ya kwanza. Wachache sana wanajua kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi ikiagizwa, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Ndiyo maana kijana hukuta mchoro wake kwenye kalenda na fulana bila kulipwa hata shilingi, na hana pa kushika. Dawa yake ni sentensi moja ndani ya kandarasi, kwamba hakimiliki inabaki kwa msanii na mwagizaji ataitumia picha ya mchoro kwa shughuli zilizotajwa tu. Kandarasi hiyo itaje pia malipo ya awali ya nusu kabla ya kununua rangi, na itaje nani anatayarisha ukuta. Plasta mpya inahitaji wiki nne hivi kukauka. Ukipaka mapema, unyevu husukuma rangi ikabambuka, na lawama zote humwangukia mchoraji.

Maombi ya ufadhili, ya kushiriki maonyesho, au ya kwenda kufanya kazi miezi miwili mitatu kwenye studio za nje ya nchi huangushwa mara nyingi na picha mbaya. Waamuzi hawauoni mchoro wenyewe, wanaona picha tu, na simu ya kawaida yaweza kupiga picha safi. Simamisha mchoro wima nje, kivulini, asubuhi kukiwa na mwanga wa kutosha, na usiuweke kwenye jua kali. Zima mmweko (flashi). Lenzi iwe sawa na katikati ya mchoro, la sivyo pande zake zitapinda. Rudi nyuma hatua mbili kisha uvute picha kidogo, kwa sababu ukisimama karibu mno, kingo hutuna. Kata ukuta wote unaoonekana pembeni. Jina la faili liwe na jina la msanii na la kazi. Kwenye orodha andika mwaka, aina ya rangi na vipimo, urefu wa kwenda juu ukitangulia upana.

Stakabadhi nazo huwakwamisha waliokwisha kuchaguliwa. Vijana wengi walichukua PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa ushuru, walipoomba mkopo wa chuo, wakaisahau. Asiyewasilisha ritani ya ushuru kufikia Juni 30, hata kama hakupata kitu mwaka mzima, hutozwa faini ya Sh2,000 kwa kila mwaka alioacha, na mfadhili akitaka cheti cha kutimiza ushuru, hakipatikani. Jina kwenye akaunti ya benki lilingane na la kitambulisho. Pasipoti iombwe kabla ya barua ya mwaliko kufika, na kwa hilo si lazima kwenda Nairobi, maana Kisumu kuna ofisi ya uhamiaji.

Yote haya hayafundishiki baina ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti shughuli za utamaduni na pia vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo hivyo vina karakana za useremala zenye meza, misumeno na umeme, na Jumamosi nyingi huwa zimefungwa. Zifunguliwe. Vijana 15 wakikutana Jumamosi mbili kila mwezi kwa miezi sita, mkufunzi akalipwa Sh10,000 kwa kila kikao, hiyo ni Sh120,000. Vifaa vya Sh5,000 kwa kila kijana kila mwezi ni Sh450,000. Ongeza Sh100,000 za onyesho la mwisho, jumla inafika Sh670,000. Kila mmoja atoke na kazi sita zilizokamilika, zimepigwa picha na kuwekewa bei, pamoja na ombi moja la ufadhili lililotumwa. Anayeshindwa kumaliza kazi mbili za kwanza ampishe mwingine. Tunajua hilo ni kali, lakini vifaa ni vya umma.

Nakuru ina sababu ya ziada ya kuanza, kwa kuwa tangu 2021 imo katika mtandao wa UNESCO wa Miji Bunifu, upande wa kazi za mikono na sanaa za jadi.

Serikali za kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Ombi linalopelekwa mwezi wa Aprili, makadirio ya bajeti yakiwa tayari yanachapishwa, huwa limechelewa. Tunawasihi wasanii waende kwenye vikao vya maoni ya umma mapema, wakiwa na ukurasa mmoja wenye hesabu kama hii, na wahakikishe umepigwa muhuri wa kupokelewa. Nao wakuu wa idara za utamaduni watueleze kupitia ukurasa huu ni karakana ipi watakayoifungua kwanza.

WAKUFUNZI WA SANAA,
Kisumu