Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kwa Nini Kocha Alibaki

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama, na vijana wa jukwaa la juani,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kabla mweka hazina hajasoma hesabu. Ya mwaka huu ingeweza kwisha kwa sentensi moja: timu imebaki kwenye Ligi ya Mkoa, deni la jezi limelipwa, na uwanja wa mazoezi bado ni ule ule wa kuazima. Lakini najua kilichowatoa wengi wenu nyumbani Jumapili hii. Mnataka kusikia ni kwa nini kamati ilikataa kumfuta kazi kocha katikati ya msimu, ilhali barua ya wanachama ilikuwa mezani na sahihi zake zimejaza karatasi pande zote mbili. Nitaanza na hilo.

Hali mnaikumbuka. Mzunguko wa kwanza ulipoelekea kuisha tulikuwa mkiani, tunafungwa hapa nyumbani Arua na timu ambazo zamani zilikuja zikiomba sare tu. Barua ilidai kocha aondoke kabla ya dirisha dogo la usajili ili mrithi wake ajichagulie wachezaji. Dai hilo halikuwa la kipuuzi, na walioliandika si maadui wa klabu. Baadhi yao ndio wanaonunua mafuta ya basi.

Kamati ilimsikiliza nahodha peke yake, kisha wachezaji wakongwe, kisha kocha. Tulitaka kwanza kujua kama vijana wamemkataa. Hawakuwa wamemkataa. Walikuwa na njaa. Posho za mechi zilikuwa zimechelewa, kipa namba moja alikuwa anauguza goti, na safari ya Adjumani waliianza usiku, wakasubiri kivuko cha Laropi juani, wakaingia uwanjani bila kula chakula cha maana. Kipindi cha kwanza walipambana. Cha pili miguu ilikataa. Hakuna kocha anayetibu hilo kwa ubao na chaki.

Swali la pili liliwapa taabu hata walioandika barua: anakuja nani? Jina la kwanza lilikuwa la mtu mwenye kazi yake tayari. La pili alitaka mshahara ambao klabu hii haijawahi kumlipa mtu yeyote. La tatu ni kipenzi chetu sote, ila leseni yake haifiki kiwango kinachotakiwa kukaa kwenye benchi kama kocha mkuu. Likabaki suala la deni. Kocha alikuwa anatudai malimbikizo ya mshahara. Kumfukuza bila kumlipa ni aibu, na mwalimu yeyote mwenye akili angesikia akatukimbia. Kumlipa kungemaliza fedha za posho, yaani tungewanyima wachezaji kitu kile kile kilichokuwa kinawaangusha.

Naomba nitoke Arua kidogo, maana hoja iliyorudiwa sana kwenye vibanda vya kutazamia mpira ni kwamba "hata Ulaya wanafukuza." Ni kweli, wanafukuza. Tuangalie wanapata nini.

Leicester City walimtimua Claudio Ranieri Februari 2017, miezi tisa tu baada ya kuwapa ubingwa wa England ambao hakuna aliyeutarajia. Wengi tulilaani. Msaidizi wake, Craig Shakespeare, akashinda mechi zake tano za kwanza za ligi na timu ikamaliza ya 12. Wanaotaka kufukuza hupenda kuishia hapo. Klabu hiyo hiyo ilimwondoa Brendan Rodgers Aprili 2023, ikamleta Dean Smith kwa mechi za mwisho, ikashuka daraja. Msimu huo huo Southampton walitumia makocha watatu, Hasenhüttl, Nathan Jones na Rubén Sellés, wakashika mkia. Leeds nao walitoka kwa Jesse Marsch wakaenda kwa Javi Gracia, wakamfukuza naye zikiwa zimebaki mechi nne, wakamwita Sam Allardyce, wakashuka. Everton walimwondoa Frank Lampard Januari, wakamchukua Sean Dyche, wakaponea siku ya mwisho kwa bao moja dhidi ya Bournemouth. Na Aston Villa, waliomtoa Steven Gerrard Oktoba 2022 na kumpata Unai Emery, walipanda hadi nafasi ya saba, na msimu uliofuata wakamaliza wa nne.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba Villa hawakutangatanga baada ya kufukuza. Walikuwa na fedha za kumtoa Emery Villarreal na walijua wanachokitaka. Leeds walikuwa wanatafuta miujiza, na wiki nne hazitoshi hata kukariri majina ya wachezaji wa akiba.

Nitawachokoza na ndugu zetu mashabiki wa Arsenal, maana ndio waliokuwa wakali zaidi kwenye ile barua. Krismasi ya 2020 timu yao ilikuwa ya 15, na kila kibanda cha mjini hapa kilikuwa na mtu anayetaka kocha wao, Arteta, afungashe virago. Wenye klabu hawakusikia. Msimu ule alimaliza wa nane, kisha kuanzia 2022/23 akashika nafasi ya pili misimu mitatu mfululizo. Leo simpati hata mmoja anayekiri kwamba alitaka afukuzwe. Wa Manchester United nao wasicheke: walimbadilisha Ten Hag Oktoba 2024, wakamleta Amorim katikati ya msimu na mfumo ambao wachezaji hawakusajiliwa kwa ajili yake, wakamaliza wa 15.

Kwa majirani zetu Tanzania, Simba walimfukuza kocha wao Robertinho Novemba 2023 baada ya kufungwa 5-1 na Yanga. Kipigo kile hata mimi kiliniuma, na sina ushabiki Dar es Salaam. Lakini hiyo ndiyo iliyokuwa mechi yake ya kwanza kupoteza katika ligi msimu ule. Akaja Benchikha, akaondoka Aprili, akashika Juma Mgunda, na Simba ikamaliza ya tatu nyuma ya Yanga na Azam. Makocha watatu, msimu mmoja, na hasira za derby moja.

Robertinho huyo ndiye aliyeiongoza Vipers ya hapa Uganda kuitoa TP Mazembe ya Kongo kwa penalti kule Lubumbashi mwaka 2022. Simba walipomchukua Januari 2023, Vipers walimleta Beto Bianchi, wakaona haendi, wakaachana naye baada ya wiki chache na kumkabidhi Alex Isabirye. Msimu ukaisha kwa ubingwa wa ligi na Kombe la Uganda. Huo ni mfano ulio dhidi yangu na siuogopi. Kule Kitende, nyumbani kwa Vipers, walikuwa na kikosi bora nchini, mishahara inatoka, na mrithi anaijua ligi yetu viwanja vyake vyote, vyenye nyasi na visivyo nazo. Mwenye hayo yote anaweza kubadilisha kocha Jumatatu akashinda Jumamosi.

KCCA ya Kampala hawakuwa mkiani walipoachana na kocha Mike Mutebi mwaka 2021, katikati ya msimu. Alikuwa amewapa ubingwa wa 2016, 2017 na 2019, na kuwafikisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2018, klabu ya kwanza ya Uganda kufika huko. Huenda muda wake ulikuwa umefika, mimi sikuwa ndani. Ila tangu siku hiyo hadi 2025 ubingwa ulizunguka kwa Express, Vipers na SC Villa, na kule Lugogo, nyumbani kwa KCCA, makocha wakazidi kuingia na kutoka.

Kuna mwanauchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliyechunguza ligi ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004. Hakuishia kuuliza kama timu zilizofukuza kocha zilipata nafuu, kwa sababu zilipata. Alizilinganisha na timu zilizoporomoka vile vile lakini zikamvumilia kocha wao, akakuta hizo nazo zilipata nafuu kwa kiasi kinachofanana. Maana yake si ngumu. Kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa, na aliye chini kabisa, majeruhi wakirudi na ratiba ikilegea, kwa kawaida hupanda. Anayekuwa kwenye benchi wiki hiyo ndiye anayebebwa mabegani.

Kwa sababu hiyo hiyo sitawaambia kwamba sisi tulipona kwa kuwa tulimbakiza kocha. Goti la kipa lilipona. Mechi ngumu za ugenini zilikuwa zimekwisha. Ninachoweza kukisimamia ni kile kamati ilichofanya baada ya kuikataa barua: posho zilianza kulipwa kabla timu haijapanda basi, safari za mbali zikawa za kulala huko huko usiku mmoja kabla ya mechi, na kocha akapewa masharti kwa maandishi. Alitakiwa aache kumchezesha beki wa pembeni nafasi asiyoijua, na afanye mazoezi ya mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, maana nusu ya mabao tuliyofungwa yalitokana na kona. La beki alinuna. Akalifanya.

Msimamo wangu sasa mnaujua. Klabu maskini haipaswi kufukuza kocha katikati ya msimu isipokuwa wachezaji wameacha kumsikiliza, au amefanya jambo la aibu kama kugusa fedha za timu au kumdhalilisha kijana. Kufungwa peke yake hakutoshi. Na hata wachezaji wakimkataa, mrithi awe amepatikana na fedha za anayeondoka ziwe benki. Timu ya taifa imetufundisha jambo hili la fedha kwa upande mwingine: kocha Micho aliipeleka Cranes, timu yetu ya Uganda, AFCON 2017, mara ya kwanza tangu 1978, na Julai mwaka huo huo akaondoka akidai mishahara. Hakufukuzwa na mtu. Klabu kubwa zinazoajiri makocha wa kigeni zinajua zaidi, kwa kuwa kanuni za FIFA zinaruhusu klabu isiyomlipa kocha fidia yake izuiwe kusajili hadi vipindi vitatu mfululizo. Sisi hatujafika huko, lakini mwalimu wa Arua naye ana watoto wa shule.

Mzee wetu mmoja aliniambia kwamba mashabiki wanataka kuona damu, na kamati isiyotoa damu haitarudi madarakani. Pengine. Uchaguzi ni mwakani, na fomu zitakuwa wazi kwa kila mtu.

Mengine nitayataja tu. Timu ya wasichana imekamilisha msimu wake wa kwanza bila kukosa mechi hata moja, na waliowasafirisha kwa magari yao wanajijua, asanteni sana. Timu ya vijana ilikosa ligi ya wilaya kwa sababu vyeti vya kuzaliwa havikupatikana kwa wakati, kwa hiyo wazazi waanze kuvishughulikia sasa hivi. Mazungumzo kuhusu uwanja yanaendelea, na sina ahadi ya kuwapa. Tumempoteza mlezi wetu wa miaka mingi, na rambirambi za chama zilifikishwa nyumbani kwake kabla ya matanga kumalizika.

Kuhusu klabu ya jirani, Onduparaka, mnajua kila mkutano kuna anayeuliza kwa nini wao walifika Ligi Kuu mwaka 2016 na sisi bado. Walikuwa na mashabiki waliojaza uwanja kila wiki na kulipa kiingilio. Kwetu nusu ya watu huangalia mechi wakiwa juu ya ukuta, na baadhi ya miguu inayoning'inia pale naitambua.

Kamati inaleta pendekezo la kifungu kipya cha katiba. Kocha mkuu asiondolewe kabla msimu haujaisha bila kikao maalumu kilichomsikiliza yeye na nahodha, na bila mweka hazina kuthibitisha kwa maandishi kwamba stahiki zake zipo. Kifungu hicho kinaibana kamati pia: timu ikishuka daraja, mkataba wa kocha na nafasi ya mwenyekiti vyote vitapigiwa kura siku moja. Nakala ziko kwa katibu, pale mlangoni. Theluthi mbili ya waliohudhuria ndiyo inayohitajika, na kura itapigwa baada ya hesabu kusomwa.

Mweka hazina, karibu.