Mdogo wangu, Sanje sio Igombe

Mwangaluka mdogo wangu,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu voisi zangu husikilizi, na ukisikiliza unaziweka spidi mbili dadako naongea kama nafukuzwa na nyuki. Hii utaisoma taratibu, na hao wenzako wa chuo mnaopanga nao wataisoma pia, maana najua kabisa wazo la kwenda bila mwongozaji halijatoka kwenye kichwa chako peke yako.

Umesema mnatoka Morogoro alfajiri, mnaenda kwenye maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, mnapanda, mnaogelea, mnapiga picha, jioni mnarudi. Safi sana. Sikukatazi, na kusema kweli nakuonea wivu. Kilichonishtua ni ule mdomo wako, "dada mwongozaji wa nini, mimi si nimekulia ziwani". Ndio umekulia ziwani, Igombe yetu nzima hapa Mwanza inajua ulivyokuwa unazama pale mwaloni unaibukia upande wa pili wa mtumbwi wakati mama huku nchi kavu ameshaanza kuita majina ya mababu. Ila maji ya ziwa na maji yanayodondoka kutoka mlimani hayana undugu, na usipolijua hilo kule ule ujuzi wako wa kuogelea ndo utakaokuponza, kwa sababu mwenzako asiyejua kuogelea atakaa pembeni na ndala zake, wewe utataka kwenda katikati.

Ngoja nianze na raha yake kwanza usije ukasema nakutisha.

Sisi watu wa huku tunaogelea roho ikiwa juu juu. Unaingia majini lakini jicho liko kwenye matete, jua likianza kuzama unatoka kwa sababu ya mamba na viboko, na hata hao wasipokuwepo kichocho kipo. Si unakumbuka shuleni? Ule mti wa kupimia urefu, unasimama unanyooka, mwalimu anaangalia kichwa kimegota kwenye mstari gani ndo anajua umeze vidonge vingapi, vidonge vyenyewe vikubwa vichungu balaa, mmekunywa uji kwanza msije mkatapika, na wewe ulikuwa unakunja magoti chini ya gauni ili uonekane mfupi upewe vichache. Konokono wa kichocho anapenda maji yaliyotulia yenye majani pembeni, yani pale pale tunapopenda sisi kufulia na kuoga. Sasa Sanje maji yanatoka juu msituni yanakuja kwa kasi juu ya mwamba, ya baridi, huko yanakotoka hakuna kijiji wala zizi la ng'ombe. Nilivyoingia nikajikuta kila saa nageuka nyuma, mazoea tu. Mwongozaji akaniuliza dada unatafuta nini, nikamwambia naangalia mamba, akasema mamba akiweza kupanda hadi huku basi na yeye atalipa kiingilio.

Hiyo ndo raha ninayotaka uipate. Watu wanasifia urefu wa maporomoko, mita 170 zile, na kweli ukisimama chini ukatazama juu shingo inauma, lakini kwa mtu wa Mwanza kitu kikubwa ni kuogelea bila kugeuka nyuma.

Sasa turudi kwenye mwongozaji. Yule mwenzako anayesema kuna njia ya kuzunguka kijijini kupitia kwenye miwa mwambie aache. Ile ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ipo tangu 1992, sio shamba la mtu, ukikutwa ndani hujajiandikisha hilo sio suala la kuomba msamaha na kupiga selfi. Na ni kubwa, karibu kilomita za mraba 1,990, alafu ndani hakuna barabara ya gari hata moja, kila kitu ni kwa mguu. Mtu akiteguka kifundo huko juu hakuna bodaboda itakayomfuata, mtamshusha nyie wenyewe kwenye ile miteremko, na anayejua mtapita wapi na nani aitwe chini ni yule yule mnayetaka kumkimbia ili mbane hela.

Na msitu wenyewe usidhani ni kama vile vichaka vya Luchelele vya mawe na miti mitatu. Milima ile inapokea unyevu unaotoka bahari ya Hindi miaka na miaka, miti imepanda mpaka huoni mbingu, mizizi imelala njiani, majani yameoza yanateleza, na jasho linakutoka hata kama jua hulioni kabisa. Mzunguko wa kupanda, kukaa kidogo kwenye maji na kushuka ni kama masaa manne kwa mtu wa kawaida. Watu wa chuo na chipsi zenu wekeni matano.

Siku niliyoenda mimi tulikuwa mchanganyiko, kulikuwa na kaka mmoja wa Dar na raba nyeupe mpya anatangulia mbele kila wakati. Mwongozaji hakumgombeza, alimwita tu njoo uone, akachuchumaa kwenye kinyesi cha tembo. Kilikuwa cha siku nyingi kidogo, kimeshakauka juu, akakipasua kwa kijiti, ndani kuna mbegu zimeshaanza kuchipua, vijani viwili viwili vidogo vya kijani, akatuambia tembo ndo bwana shamba wa huku, anakula tunda huku anaenda kulipanda kule. Sisi wote tumeinama tunashangaa. Alafu akasema taratibu, na njia anayotumia ni hii hii tunayotembea. Raba nyeupe ikarudi nyuma ya mstari yenyewe bila kuambiwa, hahaha. Siafu pia, mbele kidogo walikuwa wamekata njia, mstari mweusi kama kamba ya kiatu, mimi ningewakanyaga kabisa nikaanza kuvua suruali mbele za watu, yeye aliwaona toka mbali akatuambia kimbieni hapa, ruka, usisimame.

Na mbega. Kuna mbega mwekundu kule anaishi kwenye milima hiyo na misitu ya jirani tu, ana kofia ya nywele nyekundu kichwani, wanaruka juu kwa juu matawi yanalia. Kuna na kima mwingine, mangabei wa Sanje, huyu mfuatilie stori yake maana unasoma mambo ya wanyama wewe. Wanasayansi walikuwa hawamjui mpaka 1979, wapo pale msituni na utafiti wao wa kima wakasikia mlio ambao hauko kwenye vitabu vyao, mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia mbona huyo tunamfahamu, na kweli akaenda kuwaonyesha mmoja aliyekuwa anafugwa kijijini. Dunia nzima ikaandika amegunduliwa. Sasa wewe na kadi yako ya chuo unataka kwenda kwenye msitu ule ule bila mwenyeji, kwa hesabu ipi?

Haya, maji.

Ziwani ukichoka unalala chali unaelea, ndivyo baba alivyotufundisha. Chini ya maporomoko hiyo kitu haifanyi kazi vizuri, kwa sababu yale maji meupe yanayochemka pale yanapodondokea yamejaa hewa, ni mapovu, na mapovu hayakubebi kama maji matupu. Unapiga mkono unaona unashika hewa. Alafu maji yakidondoka yanaenda chini kwanza, yakifika chini yanageuka, mengine yanarudi nyuma kwenye ukuta wa mwamba, yani ukiwa karibu sana kuna mkono unakuvuta kurudi pale pale yanapodondokea, na mawimbi yetu ya mwezi wa saba hayajakufundisha hilo. Ukikuta umevutwa usishindane nayo uso kwa uso, toka kwa pembeni. Ila cha maana zaidi usifike hapo. Na kusimama chini ya maji ili upigwe mgongoni kama kwenye video, hapana, kule juu kuna mawe na magogo, yakiamua kushuka hayapigi honi.

Baridi nayo. Ziwa letu ni la vuguvugu, tumezoea kukimbia na kujitupa. Kule umetoka kupanda mwili unawaka moto, ukijitupa ghafla pumzi inakatika unavuta hewa bila kupenda, kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo umeshayameza. Ingia taratibu, miguu, jimwagie kifuani, shingoni, subiri pumzi itulie ndo uende. Mwongozaji wetu alisimamia hilo kama mama mkwe, mtu akiruka hatua anarudishwa kwenye jiwe.

Na kudaivu sahau. Najua ulikuwa unadaivu kwenye mawe huku na hukuumia, lakini yale mawe ulikuwa unayajua moja moja tangu mdogo. Kule maji ya masika yanahamisha mawe, kidimbwi kilichokuwa na kina mwaka jana mwaka huu kina jiwe katikati. Yule mwongozaji kabla hajaturuhusu alichukua fimbo yake ndefu akaingia mwenyewe hadi kiunoni anachoma choma chini, kushoto, katikati, kulia, akatuchorea kwa kidole mpaka wapi mwisho, akasema jiwe lile la kijani msilikanyage. Lile la kijani kaka wa raba akalikanyaga. Alikaa chini bila kupenda, hakuumia, ila tulimsikia.

Kitu cha mwisho kwenye maji ndo kinachonitisha mimi kuliko vyote, mvua. Huku ziwani mvua unaiona inakuja, unaiona kabisa ile pazia nyeusi kutoka upande wa Ukerewe unatoa mtumbwi. Kule uko shimoni, juu yako ni miti, jua linawaka kidogo hapo ulipo, kumbe mlimani huko nyuma inanyesha na maji yake yako njiani. Mwongozaji akiona maji yamebadilika rangi, au vijiti na majani vimeanza kushuka vingi, au mlio umekuwa mzito, atasema tokeni. Akisema tokeni unatoka, hata kama picha haijakaa sawa, hata kama nywele zako za kubandika zimebaki kwenye jiwe la upande wa pili. Ndo maana nasema miezi ya masika msiende kabisa, sijui mnakimbilia wapi. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi kwenda juu njia inakuwa kavu kavu na maji bado yapo.

Ya safari haraka haraka. Basi za Ifakara zinapita Mikumi, na kabla ya mji wa Mikumi barabara inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kaa dirishani utaona swala na ukiwa na bahati tembo bila kulipa chochote. Baada ya Kidatu mnaanza kuona miwa, Sanje yenyewe mnaipita njiani lakini nyie nendeni kwanza Mang'ula makao makuu ya hifadhi ya Udzungwa mkajiandikishe na kupewa mwongozaji, alafu ndo mnarudi Sanje. Bebeni vitambulisho ili mlipe bei ya raia, hela iwe kwenye simu maana mnapewa kontrol namba ya kulipia. Kwenda na kurudi Morogoro siku moja mtakimbizana sana, laleni Mang'ula usiku wa kwanza gesti ziko, asubuhi saa moja mko getini mnapanda kabla joto halijakaa.

Viatu vyenye meno, sio ndala na sio zile raba za kanisani. Nguo ya kuogelea vaa kabisa ndani maana hakuna pa kubadilishia zaidi ya nyuma ya mti, na nyuma ya mti nimeshakwambia kuna siafu. Maji ya kunywa lita mbili kila mtu. Chakula mama ameshaanza kukutayarishia matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, amesema michembe, ile inayokaushwa mibichi, haitumi kwa sababu mara ya mwisho ulimgawia mwenzako akaitafuna kavu akalalamika jino. Matobolwa mawili matatu pale juu, miguu iko kwenye maji, huko chini bonde la Kilombero lote la miwa limelala, wenzako watasahau biskuti zao.

Mwongozaji mkimaliza mpeni cha maji, mchange, asirudi mikono mitupu kwa sababu nyie ni wanafunzi.

Mzigo wa mama utaondoka Nyegezi na basi la Alhamisi. Niandikie mko wangapi mapema maana anataka kujua aweke madebe mangapi, na ukisema wawili wakati mko saba ni juu yako.

Dadako