Mkulima achekeshe, asichekwe

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Dar es Salaam kurudi Mbeya. Tulipoanza kupanda mlima Kitonga kondakta akaweka kichekesho cha Bongo Muvi. Mama katoka kijijini kumtembelea mwanawe mjini, anaogopa lifti, ananawia maji ya kunywa, na kila akifungua mdomo R inageuka L. Basi zima likacheka. Mama niliyekaa naye siti moja, kapakata ndoo yake, aligeukia dirishani mpaka filamu ikaisha. Aliposhuka Makambako aliniaga: "Safali njema, mwanangu."

Sauti ile haijanitoka, ndiyo maana naandika.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kijijini Umalila kwa baba nikiwa na flashi yenye filamu za zamani za Kimarekani. Tukaangalia Ma and Pa Kettle Back on the Farm ya mwaka 1951, nyeusi na nyeupe. Kettle ni familia ya wakulima wa jimbo la Washington: mama, baba na watoto 15, kuku wanaingia mpaka ndani. Mama ni Marjorie Main, baba ni Percy Kilbride. Walianza kama majirani tu katika The Egg and I ya 1947. Watu wakawapenda, Main akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na kuanzia 1949 hadi 1957 familia hiyo ikatengenezewa filamu 9 zake yenyewe.

Baba yangu hajui Kiingereza, nilikuwa namtafsiria. Ilipofika hesabu hakuhitaji mkalimani. Pa anagawa 25 kwa 5. Tano haiingii kwenye mbili, inaingia kwenye tano mara moja, anaandika 1. Anatoa 5 kwenye 25, inabaki 20. Humo tano inaingia mara nne, anaandika 4. Jibu: 14! Wakizidisha, 5 mara 4 ni 20, 5 mara 1 ni 5, jumla 25. Wanapanga 14 tano kwenda chini, wanajumlisha zile nne mpaka 20, kisha moja moja: 21, 22, 23, 24, 25.

Baba alinisimamisha, akachukua mkaa jikoni, akairudia hesabu yote sakafuni huku machozi ya kicheko yanamtoka. "Huyu Mzungu kafundishwa na madalali wetu wa viazi!" Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini kila anayelima viazi huku anaijua lumbesa, gunia lililovimba kichwani na bado linahesabiwa moja. Mzee wa Umalila na filamu ya miaka zaidi ya 70 wakaelewana pale pale.

Tena Pa Kettle ni mvivu kwelikweli, na filamu haimfichi. Nyumba ni vurugu tupu. Lakini kabla ya kula anainua kofia, anatazama juu, anashukuru, na unamwona ni mtu mwenye kwake. Ma ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na ndiye nguzo ya nyumba. Wakwe wa mjini wanapokuja na masharti yao ya usafi juu ya mjukuu, na wao wanachekwa. Hapo ndipo vichekesho vyetu vingi vinakosea: anayechekwa ni mmoja tu, na ni yule wa shamba.

Naviomba vituo vya runinga vituonyeshe filamu za namna hii, zikiwa na msimulizi wa Kiswahili kama tulivyozoea kwenye vibandaumiza, vile vibanda vya kuonyeshea video. Na watengeneza filamu wetu waje huku wakati wa kuvuna viazi. Watakuta Fuso limezama kwenye tope na kila mtu ana ushauri wake, dalali anahesabu magunia huku anaongea na simu mbili, watoto wenye masweta wanaota moto jikoni, na mama anayejua bei ya Dar es Salaam kuliko dalali mwenyewe. Lafudhi waiache ilivyo, ila wampe mwenye lafudhi hiyo maneno ya akili.

Baba ameniagiza niandike kwamba watakaokuja na kamera watalala kwake, na viazi vya kuchoma vipo.

Msomaji wako,
Mbalizi, Mbeya