Barua ya malalamiko: krimu yenu ya madoa imeniharibu uso

Muuza dagaa,
Soko la Samaki la Mwaloni, Kirumba,
Mwanza.
18 Agosti 2025.

Mkurugenzi,
Kampuni ya Vipodozi,
Mwanza.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MADHARA YA KRIMU YENU YA KUONDOA MADOA USONI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Nauza dagaa hapa Mwaloni, huu ni mwaka wa tisa. Kuanzia Novemba mwaka jana hadi mwanzoni mwa Juni mwaka huu nilipaka krimu yenu kila asubuhi na kila usiku, kama maelezo ya kwenye boksi yanavyosema. Nilinunua vikopo 8, kila kimoja shilingi 28,000. Leo nina uso ambao mama yangu mzazi aliposhuka kwenye meli akitokea Nansio aliutazama mara mbili ndipo akanikumbatia.

Nianze mwanzo, maana kijana wenu wa simu hakunipa nafasi ya kueleza.

Madoa yalinianza nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Yalitokea mashavuni pande zote mbili, yakapanda kwenye paji la uso, yakakaa na juu ya mdomo kama masharubu. Mama akasema ni ya mimba, nikijifungua yataondoka. Nilijifungua, yakabaki. Nilipoanza vidonge vya majira yakakolea zaidi. Na kazi yangu ni ya juani: tangu saa mbili asubuhi nageuza dagaa kwenye vichanja, hakuna mti wala turubai, na ziwa lenyewe linakurudishia mwanga usoni kama kioo. Wakati huo sikujua kwamba mimba, vidonge na jua ni mambo matatu yanayoshirikiana kuleta madoa ya namna hii. Nilidhani ni uchafu wa ngozi, nikawa nasugua kwa dodoki mpaka nachubuka.

Naomba hapa msome taratibu: sikuja dukani kwenu kutafuta weupe. Mimi ni mweusi, nimezaliwa na weusi, na rangi yangu naipenda. Nilitaka tu mashavu yafanane na shingo. Nilimwambia hivyo dada anayeuza kwenye duka lenu kule Makoroboi, tena nilimuuliza mara mbili kama krimu hii inachubua. Akanijibu, “Hapana dada, huu si mkorogo. Hii ni ya mitishamba, inatoa madoa tu, siku saba unaona.” Kwa neno hilo nilitoa pesa ya mtaji.

Siku saba zilipofika niliona kweli. Madoa yalififia, uso ukawa laini, unang'aa. Wenzangu wanne hapa sokoni walininyang'anya kikopo wasome jina, na wawili kati yao wakaenda kununua. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Mwezi wa tatu tangu nianze kupaka zilianza kutoka chunusi ndogo ndogo kwenye kidevu, mimi ambaye hata usichanani sikuwahi kuwa na chunusi. Nikaota malaika ya nywele mashavuni. Mwezi wa tano wa kupaka jasho likishuka usoni lilichoma kama maji ya pilipili, na ukinitazama kwa karibu unaona vimishipa vyekundu chini ya macho. Nikaamua kupumzika kupaka. Siku ya nne uso ulivimba, ukawaka moto, ukawasha usiku kucha, na asubuhi yake madoa yalikuwa yamerudi meusi kuliko yale niliyokuja nayo kwenu. Nikapaka tena, maumivu yakatulia ndani ya siku mbili. Kwa hiyo nikanunua kikopo kingine. Halafu kingine. Vikopo vitatu vya mwisho sikuvinunua kwa ajili ya madoa, nilivinunua ili uso usiniwake.

Nilipiga namba iliyo kwenye boksi. Kijana wenu alinisikiliza kidogo, akasema ngozi yangu “inatoa sumu”, niendelee kupaka, tena niongeze na sabuni yenu ili kazi iende haraka. Nikamuuliza ndani ya krimu mna nini. Akasema ni siri ya kampuni.

Sisi watu wa dagaa tunapumzika mbalamwezi ikiwaka, maana taa za wavuvi hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkali. Siku hizo za mapumziko mwezi Juni nilipanda hospitali ya Bugando nikiwa nimejifunika kanga mpaka puani. Daktari wa ngozi aliutazama uso, akashika kikopo chenu, akakigeuza pande zote akitafuta orodha ya viambata. Hakuiona. Imeandikwa tu mitishamba na vitamini. Hakuna namba ya toleo, hakuna tarehe ya kutengenezwa, hakuna jina la kiwanda.

Alinieleza kwa Kiswahili cha kueleweka, na nitaeleza nilivyomsikia. Madoa yangu ya mwanzo yanaitwa melazma. Juu yake sasa kuna madhara ambayo yeye huyaona kila mara kwa watu waliopaka steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, usoni kwa muda mrefu: ngozi kuwa nyembamba, mishipa kuonekana, chunusi, nywele, na ule moto unaokuja ukiacha. Iko steroidi inaitwa klobetasoli, ya kundi lenye nguvu kuliko yote katika dawa za kupaka. Mgonjwa huandikiwa kwa wiki chache, kwa ugonjwa maalumu, na usoni huepukwa. Ndiyo mara nyingi huchanganywa kwenye krimu za kuchubua, kwa sababu inafifisha rangi haraka na kutuliza ngozi, mteja akadhani amepona. Kiambata kingine alichokitaja ni haidrokwinoni. Hiyo ni dawa halali mkononi mwa daktari, kwa miezi michache na kwa uangalizi. Ukiipaka ovyo muda mrefu tena unakaa juani, inaweza kukuachia weusi wa kibuluu ambao kuuondoa ni kazi ngumu mno. Katika vipodozi hapa Tanzania imepigwa marufuku, pamoja na steroidi na zebaki.

Alipotaja zebaki nilishika kiti. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo, na hutoka kwa mpakaji kwenda kwa wa nyumbani kwa taulo, kwa mto wa kulalia, kwa mikono. Mwanangu mdogo ana miaka miwili na nusu. Halali mpaka agandishe shavu lake kwenye langu. Miezi saba yote alilala hivyo.

Walinipima mkojo na damu, figo zangu ni nzima, namshukuru Mungu. Lakini hakuna mtu katika kampuni yenu aliyeniambia krimu ile ina nini, hivyo mpaka leo sijui nilimpakaza nini mtoto. Sisemi kwamba nina hakika krimu ina zebaki. Sijaipima. Nasema ninyi mnajua kilichomo na mlininyima jibu nilipouliza.

Hadi leo naendelea kutibiwa, na naandika haya ili mjue kwamba njia ya kweli ilikuwepo tangu mwanzo. Daktari aliniachisha krimu yenu kwa hatua, kwa mafuta laini yasiyo na manukato. Wiki tatu za kwanza zilikuwa mbaya, sikwenda sokoni, mdogo wangu alinishikia meza. Uso ulipotulia akanianzishia dawa ya madoa, asidi ya azelaiki, ya kupaka usiku. Vidonge vya majira nimeviacha, nimewekewa kitanzi kisicho na homoni. Na kila asubuhi, kabla ya yote, losheni ya kukinga jua, namba 50, yenye rangi ya udongo. Nilimuuliza kwa nini ya rangi. Akasema melazma haikolezwi na miale mikali ya jua peke yake, hata mwanga huu wa kawaida tunaouona kwa macho unaikoleza, na ule udongo wa rangi ndio unaouzuia. Napaka kiasi cha urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, narudia kila baada ya saa mbili nikiwa kwenye vichanja, na juu yake kofia ya ukili yenye ukingo mpana. Mdogo wangu amenishonea kitambaa cha nyuma kinachofunika shingo.

Aliniambia pia neno ambalo dada wa duka lenu hakuniambia: melazma hupungua kwa miezi, na inaweza kurudi usipojikinga na jua. Ukisikia mtu anakuahidi siku saba, alisema, muulize ameweka nini. Nilimwamini daktari kwa sababu hakuniahidi kitu kikubwa. Shavu la kushoto limeanza kutulia. La kulia bado.

Boksi lenu halina hata sentensi moja kuhusu jua. Mnauza krimu ya madoa Mwanza, karibu kabisa na ikweta, kwa wauza samaki, mama ntilie, wapiga debe wa kike, wanawake wa shambani kule Magu na Sengerema, na hamuandiki “jikinge na jua”. Tena mnaelekeza ipakwe asubuhi. Na msiniambie losheni ya jua ni kitu cha Ulaya. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, wanatengeneza losheni ya jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa mikono ya Watanzania. Mngeuza kofia tu mngekuwa mmenisaidia zaidi.

Basi ninayoyadai ni haya. Kwanza kabisa nataka orodha kamili ya vilivyomo ndani ya krimu, kwa maandishi, kwa majina ambayo daktari wangu anaweza kuyasoma. Hilo lisisubiri mengine, kwa ajili ya mtoto. Nataka muiondoe krimu madukani mpaka ipimwe, na mbandike tangazo la Kiswahili pale Makoroboi na kila duka la wakala wenu, likiwaambia waliokwisha kuitumia wasiiache ghafla bila kumwona daktari. Wengi wao watapatwa na moto ulionipata mimi, watadhani dawa ni kurudi kununua. Nataka mnirudishie shilingi 224,000 za vikopo 8, pamoja na gharama za matibabu, shilingi 187,500 mpaka leo, risiti zake nimeambatanisha nakala. Siku nilizokosa sokoni sizidai, hesabu yake siwezi kuithibitisha na sitaki kudai nisichoweza kuonyesha.

Kijana wenu alipiga simu mwezi uliopita akaahidi kunipa kikopo cha bure cha toleo jipya kama nikinyamaza. Sikitaki. Msimpe na mtu mwingine.

Wale wenzangu wawili walionifuata kununua nimewapeleka mwenyewe hospitali. Mmoja alikuwa ametumia wiki sita, uso wake unaendelea vizuri. Wa pili amekataa kuacha, anasema akiacha anawaka, na mume wake amezoea kumwona hivi. Nampitia kila jioni tukifunga meza. Jina lake sitawapa, ila atakapofika dukani kwenu kununua tena, na atafika, naomba dada yenu amwambie ukweli.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Kikopo cha nane kina robo ya krimu, nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni na kukiweka juu ya kabati mahali mtoto hafiki. Siku 14 zikipita nakipeleka ofisi ya Shirika la Viwango (TBS) hapa Mwanza pamoja na boksi lake na picha za uso wangu za kila mwezi tangu Novemba hadi Mei.

Wenu,
Mama wa watoto wawili, muuza dagaa, Mwaloni.

Viambatanisho: nakala za risiti, picha 7 za uso, picha za kikopo na boksi.

Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa kuwa ndilo linalosimamia vipodozi tangu 2019;
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iwapo ndani ya kikopo kuna dawa;
Tume ya Ushindani (FCC), kwa ulinzi wa mlaji.